Kiwiko kinauma mpaka chupa ya chai hunyanyui? Soma hapa kabla hujakimbilia sindano

Mi nauza chipsi Mwanjelwa, mwaka wa saba huu, namenya ndoo nne za viazi kila siku kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo habari za kiwiko nazijua kwa kuzisoma mkononi. Ilianza taratibu mwezi wa sita, nikajua baridi, si unajua tena Mbeya mwezi wa sita na wa saba kila kinachouma tunasema baridi imeingia kwenye mifupa. Nikawa nafunga kitambaa, napaka dawa ya kuchua, naendelea na kazi. Siku moja asubuhi nanyanyua chupa ya chai ya lita mbili nimmiminie mteja, mkono ukaachia wenyewe, chupa ikapasuka, chai yote sakafuni, na maumivu yakapiga kuanzia pembeni ya kiwiko hadi nyuma ya kiganja kama nimeshika waya wa umeme. Mama mmoja wa Kinyakyusa anayeuza ndizi pembeni yangu akasema mwee, mwanangu wewe umelogwa mkono.

Sikulogwa. Ila nimezunguka na huo mkono miezi kumi na moja, na hela nimetoa, na nusu ya nilichofanyiwa hakikuwa na maana, sasa naandika ili wewe usizunguke kama mimi.

Kitu cha kwanza, acha kusema tu "kiwiko kinauma". Weka kidole panapouma, kidole kimoja siyo kiganja kizima, maana kiwiko kina pande zake na kila upande una kesi yake.

Ukiwa umening'iniza mkono na kiganja kinaangalia mbele, upande wa nje, ule wa dole gumba, papasa utakuta kinundu cha mfupa. Bonyeza hapo na chini yake kidogo. Kama unaruka, basi uko kwenye kundi langu, na ndo kundi la watu wengi. Hakikisha hivi: chukua kiti cha plastiki, nyoosha mkono, shika mgongo wa kiti kwa juu kiganja kikiangalia chini, nyanyua. Mwenye huu ugonjwa hafiki mbali. Au mwambie mtu akusukumie kiganja chini na wewe unamzuia, maumivu yatakuja palepale kwenye kinundu. Wazungu wanakiita kiwiko cha tenisi, jina la ajabu kidogo kwa sababu wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi, na hata daktari wa Kijerumani aliyeuandika zamani, Runge, mwaka 1873, alikuwa anazungumzia watu wanaoandika sana kwa mkono, siyo wacheza mpira wowote.

Kinachotokea ni hivi. Misuli inayonyanyua kiganja juu haianzii kwenye kiganja, inaanzia huku kwenye kinundu cha kiwiko, imeshikizwa na kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Na hapa ndo pana siri ambayo mi nilikuwa siijui, kumbe hata ukishika kitu tu, kisu, mpini, mwiko, hiyo misuli inafanya kazi muda wote, bila hiyo kiganja kinajikunjia ndani na nguvu za kushika zinaisha. Jaribu sasa hivi, kunja kiganja ndani kabisa alafu ujaribu kukamata simu kwa nguvu. Umeona? Kwa hiyo kila unaposhika, kano inavutwa. Ukishika masaa sita kila siku miaka na miaka, nyuzi zake zinaanza kufumuka moja moja kama kamba ya ng'ombe iliyochakaa, na mwili unajaribu kuzirudishia lakini kesho asubuhi wewe umerudi tena kwenye ndoo ya viazi. Ndo maana unawapata sana watu wa miaka 35 mpaka 55 hivi, umri ambao kazi bado nyingi ila kano haziponi haraka kama za kijana.

Ukiangalia kazi zetu huku nyanda za juu utaona kwa nini. Kuchuma chai Rungwe au Mufindi, kukamua ng'ombe asubuhi na jioni, jembe la mkono kwenye matuta ya viazi kule Isyonje, mafundi wa plasta, vijana wa mbao Mafinga, fundi gari na spana zake, mama lishe anayesonga ugali wa watu hamsini. Kote huko ni kushika kwa nguvu na kuzungusha kiganja. Baridi haisababishi, ila nakubali asubuhi ya baridi maumivu yanasikika zaidi, mikono imekakamaa, na unashika kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Kama panapouma ni upande wa ndani, ule unaoelekea mbavuni, hadithi ni ileile ila misuli ni ya kukunja kiganja, na matibabu yake ni yaleyale unageuza tu mkono kiganja kiangalie juu. Sirudii.

Nyuma kabisa kwenye ncha ya kiwiko, pale unapoegemea meza, kuna kifuko chembamba cha maji maji kinachosaidia ngozi isisuguane na mfupa. Kikichubuliwa kila siku kinajaa, unaona kama yai laini limening'inia. Wale wanaoegemea kaunta siku nzima, na mafundi wanaolala chini ya gari wakijiegemeza kwa viwiko, mnajijua. Kama haliumi sana, acha kuegemea, weka kitu laini, wiki kadhaa linanywea. Usilitoboe na sindano nyumbani, tafadhali, nimeona mtu kafanya hivyo. Likiwa jekundu (kwa ngozi zetu utaona limeiva na kung'aa), la moto, linauma na una homa, hapo kuna wadudu ndani, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Alafu kuna wale wa ganzi. Kama kidole cha mwisho na kinachofuata vinakufa ganzi, hasa usiku, au ukiwa umeweka simu sikioni muda mrefu, hapo ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ule ule ukijigonga unasikia shoti mpaka kwenye vidole. Ukilala umekunja mkono kama mtoto, mshipa unavutwa usiku kucha. Dawa yake ya kwanza ni ya bure, chukua taulo uzungushie kiwikoni ufunge kitambaa kwa kulegeza, mkono ushindwe kukunjika sana ukilala. Fanya hivyo wiki nne mpaka sita. Ila ukiona vidole vinakosa nguvu, funguo inakushinda kuzungusha, au nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha shahada inabonyea, usisubiri taulo, mshipa unaumia kweli na unaweza usirudi. Na kama ganzi inashuka kuanzia shingoni, ukigeuza shingo inazidi, basi tatizo liko shingoni wala siyo kiwikoni, mwambie daktari hivyo.

Sasa kabla sijaingia kwenye tiba, niseme hali ambazo mwongozo huu haukuhusu, funga simu uende hospitali. Umeanguka na huwezi kunyoosha mkono mpaka mwisho: chukulia mfupa umevunjika mpaka picha ya eksirei iseme hapana. Kiungo kizima kimevimba, cha moto, huwezi kukisogeza upande wowote, na unatetemeka kwa homa: ni dharura, usaha ukikaa kwenye kiungo siku chache tu unakula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Umenyanyua mzigo ukasikia "pa!" mbele ya kiwiko na msuli wa mkono ukapanda juu kama kimpira: kano imekatika, na kama itashonwa inatakiwa ishonwe mapema, wiki mbili tatu za kwanza. Na kama mkono wa kushoto unauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, pumzi fupi, huo siyo ugonjwa wa kiwiko kabisa, ni moyo, kimbia.

Kuna moja nataka kuikalia kidogo maana huku kwetu ni ugonjwa. Kuchuliwa. Jirani yangu alidondoka na bodaboda kwenye mteremko, kiwiko kikavimba, ndugu zake wakampeleka kwa mzee mmoja anayechua, akachuliwa kwa nguvu siku tano mfululizo, anavutwa mkono unyooke huku analia. Baada ya wiki kadhaa mkono ukagoma kabisa, umesimama umejikunja, haunyooki haukunjiki. Picha ilipopigwa wakaona mfupa umeota ndani ya nyama. Hiki kitu kipo na kiwiko ndo kiungo kinachojulikana kwa hilo, msuli ulioumia ukikandamizwa na kuvutwa kwa nguvu mapema, damu iliyovia ndani inaweza kugeuka mfupa. Sina ugomvi na wazee wetu, kupaka mafuta na kusugua taratibu mkono uliochoka haidhuru mtu, lakini kiwiko kilichoanguka au kuteguka hakichuliwi. Funga kwa kitenge kining'inie shingoni, nenda kapige picha.

Na wengine viungo vinawauma kwa sababu ya magonjwa ya mwili mzima. Jongo, wengine wanaita gauti, mara nyingi linaanzia dole gumba la mguu, ila likikomaa linapanda mpaka kiwikoni, na wapenzi wa bia, komoni na nyama choma mnalikaribisha. Baridi yabisi ya kweli inashika viungo vingi, pande zote mbili, asubuhi mikono inakuwa imekakamaa zaidi ya nusu saa. Na kama unafuga au unakunywa maziwa yasiyochemshwa, unapata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma, mwambie daktari wazi kwamba unafuga, kuna ugonjwa unaitwa brusela ambao unatibika kwa dawa za wiki sita ila lazima mtu aufikirie kwanza.

Haya, turudi kwenye kiwiko cha kazi.

Nilianza na duka la dawa, vidonge. Nikaenda zahanati moja, nikachomwa sindano ya makalioni siku tatu, nikawa mzima siku nne. Baadaye mtu akaniambia kuna sindano ya kuchomwa palepale kwenye kiwiko, ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, nikatoa hela, na nisiwe mnafiki, ilikuwa kama muujiza, ndani ya wiki nikawa nageuza karai kama kijana. Wiki ya saba maumivu yakarudi mabaya kuliko mwanzo. Nikadhani nimepigwa dawa feki. Kumbe ndo ilivyo, sindano hiyo inatuliza wiki kadhaa, ila watu waliofuatiliwa mwaka mzima, waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko waliofanya mazoezi na hata kuliko waliosubiri tu bila kitu. Sababu mojawapo mi naijua bila kusoma popote, ukipona ghafla unarudi kazini kwa fujo wakati kano bado mbovu. Na ukichomwa mara nyingi kano yenyewe inadhoofika, na ngozi pale inaweza kubaki na baka jeupe, kwa sisi weusi linaonekana kutoka mbali. Mimi ninalo, wateja wananiuliza kama nimeungua mafuta.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi. Hospitali kubwa za rufaa, Mbeya na Iringa, ulizia kitengo hicho, usiishie kwenye foleni ya dawa. Alinishika mkono dakika kumi, picha hakutaka, akasema picha inaonyesha mfupa na mfupa wako hauna kosa. Akaniuliza unashikaje kisu.

Hilo swali ndo lilikuwa tiba nusu. Kisu changu kilikuwa na mpini mwembamba, na mpini ukiwa mwembamba unakamata kwa nguvu zaidi. Nikaufunga mpira wa tyubu ya baiskeli ukanenepa mpaka ukajaa kiganjani. Ndoo nikaanza kujaza nusu, nabeba mara mbili. Na kila ninachonyanyua nanyanyua kiganja kikiangalia juu na kiwiko kiko karibu na mbavu, siyo mkono umenyooka kiganja chini kama unachomoa sufuria jikoni. Jembe, nyundo, mwiko, vyote vivyo hivyo, nenepesha mpini, sogea karibu, badilisha mkono. Nikamwajiri kijana wa kumenya ndoo mbili kati ya nne, iliniuma kwenye mfuko ila nafuu kuliko zile sindano. Kupumzika kabisa hakusaidii, mkono ukikaa mwezi bila kazi kano inalegea zaidi, unapunguza ule mzigo unaouma tu.

Alafu zoezi. Hapa soma taratibu.

Kaa mezani, laza mkono wote juu ya meza kiganja kikiangalia chini, kiganja kitokeze nje ya ukingo wa meza kining'inie. Wiki ya kwanza na ya pili, mkono mzima uuweke juu ya ule mgonjwa, mgonjwa usukume juu, mzima uzuie, kisisogee kitu. Shikilia sekunde 30 mpaka 45, pumzika dakika, rudia mara tano. Linatuliza hata maumivu yenyewe, nilikuwa nalifanya kabla ya kuanza kumenya.

Baada ya hapo chukua chupa ya maji ya nusu lita, imejaa. Ishike kwa mkono mgonjwa, mkono bado umelala mezani. Sasa tumia mkono mzima kunyanyua kiganja juu, alafu uachie, na mkono mgonjwa ushushe chupa peke yake polepole ukihesabu moja mpaka nne. Kushusha ndo kunajenga, kunyanyua unasaidiwa. Mara 15, pumzika, tena 15, tena 15. Kila siku, au siku moja unafanya moja unaruka. Itauma, na hapo ndo wengi wanaacha. Kipimo alichonipa yule dada ni hiki, maumivu ukiyapa alama kati ya 0 na 10, yakiwa 3 au 4 endelea, yakipita hapo punguza maji kwenye chupa, na kesho asubuhi ukiamka yasiwe yamezidi ya jana. Wiki mbili tatu ukiona nyepesi, panda chupa ya lita moja.

Ongezea na nyundo. Shika mwisho wa mpini, mkono bado umelala mezani, geuza taratibu kiganja kiangalie juu, alafu chini, mara 15. Na kunyoosha: mkono mbele umenyooka, kiganja chini, tumia mkono mwingine kuvuta vidole kwa chini kuja kwako, sekunde 30 mara tatu. Ukimaliza hapo kama unapenda barafu funga kwenye kitambaa uweke dakika 10 au 15, kama unapenda maji moto weka moto, vyote ni kutuliza tu. Mwezi wa saba huku hata barafu huhitaji, maji ya bomba yanatosha.

Wiki ya tatu nilikuwa naona ujinga mtupu. Wiki ya sita nikagundua nimefunga kamba za viatu bila kufikiria. Fanya wiki 12 kabla hujasema haifanyi kazi.

Dawa: paracetamoli inatosha kwa wengi, usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukipishanisha masaa sita kila dozi ya viwili. Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza ila ukizila kila siku kama njugu zinatoboa tumbo na kuumiza figo, na kama una vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au moyo, au ni mjamzito, usimeze bila kuongea na daktari. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi maana kidogo sana inaingia kwenye damu. Mkanda wa kiwiko pia upo, ule mwembamba, unafungwa vidole viwili chini ya panapouma, siyo juu yake, kwenye nyama ya mkono. Mi ulinisaidia nikiwa kazini tu. Ukiona ganzi umekaza mno.

Upasuaji upo kwa wachache ambao mwaka mzima umepita na mazoezi wamefanya kweli na bado hali ni ileile. Wengi wanapona wenyewe ndani ya mwaka mmoja, wengine mpaka miwili. Najua mwaka ni mrefu ukiwa na watoto wa kulisha, ila huo ndo ukweli wake na anayekuambia wiki moja anataka hela yako.

Mimi sasa hivi namimina chai mwenyewe, chupa ya lita mbili ileile saizi, nilinunua nyingine. Zoezi bado nafanya mara mbili kwa wiki, nimefika chupa ya lita moja na nusu, huwa naiweka chini ya meza karibu na jiko. Juzi kijana wangu kaiuza kwa mteja, nimerudi naulizia chupa yangu ya mazoezi ananipa hela.